Mlio Mrefu na Shela la Mji

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Nimehakikishiwa hivyo na maofisa wake wawili waliokuja nyumbani kwangu wamevaa miwani myeusi, wakanywa chai yangu, wakamaliza na maandazi, halafu wakasema nikiitaja kwa jina watanionyesha jinsi isivyokuwepo. Kwa hiyo sitaitaja, na wala sina hamu.

Mimi ni mtangazaji wa hali ya hewa katika redio ya taifa ya nchi hiyo isiyokuwepo. Kila jioni nilisoma taarifa ileile: anga ni safi, upepo ni wa wastani, wananchi wana furaha. Studio yetu haikuwa na madirisha, jambo lililonisaidia sana kikazi.

*

Nianze na la kujivunia. Sisi ndio tuliokuwa wa kwanza duniani kupata uchaguzi usio na fujo. Zamani tulipiga kura kwa makaratasi, lakini makaratasi yalileta mabishano, na mwaka mmoja nusura yalete matokeo. Ndipo kiongozi wetu, Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, akatuhurumia, akatutua mzigo huo na kuanzisha Kura ya Pumzi.

Utaratibu wake hata mtoto anauelewa. Siku ya Taifa, uwanjani, beni ya polisi hupiga wimbo wa taifa. Wimbo ukifika mwisho vyombo vyote hunyamaza, ikabaki tarumbeta moja ikiushikilia mlio wa mwisho, unaoitwa Mlio Mrefu. Mlezi husimama jukwaani ameinua fimbo yake. Tarumbeta ikilia bila kukatika mpaka aishushe fimbo, wananchi wamemchagua tena. Ikikatika kabla, wananchi wamemkataa, naye atarudi kijijini kwao akafuge nyuki. Hayo ya nyuki yamo kwenye katiba. Aliyaandika Mlezi mwenyewe siku aliyokuwa na furaha, akijua hayatatokea.

Na kwa kuwa upendo wa wananchi unakua, kila mwaka Mlezi aliishikilia fimbo juu kwa muda mrefu kidogo kuliko mwaka uliopita. Ilipofika hatua mkono wake ukachoka, akateuliwa Katibu Mkuu wa kumshikia kiwiko.

Mpiga kura wetu, basi, alikuwa mpiga tarumbeta. Jina lake Sajini Mwanaidi Lukwaro, mama wa makamo, mfupi, mwenye kifua kipana kama mlango wa godauni. Aliweza kuushikilia mlio mpaka kunguru waliotua kwenye nguzo za taa wakasinzia. Mjini alijulikana kwa jina la Wengi Wape. Akipita sokoni wauza mboga walimwamkia, "Shikamoo, Wengi Wape," naye akaitikia, akanunua bamia zake na kwenda zake. Hakuwa na makuu.

*

Sasa nieleze heshima yetu, maana bila heshima hadithi hii haiendi popote.

Mlezi hakuwa mtu wa kukaa. Kila siku ya Mungu alikuwa na jambo la kuzindua: leo kisima, kesho bango linaloonyesha kilipo kisima. Na popote alipopita, mambo mawili yalikuwa sharti. La kwanza ni rangi. Kabla ya ziara, kingo za barabara zilipakwa rangi ya mafuta, nyeupe na nyeusi, kisha vigogo vya miti, kisha mawe yaliyokuwa yamejikalia tu bila kosa. Rangi ikibaki, walipakwa mbuzi waliozubaa. Na ilitakiwa iwe mbichi, kwa sababu rangi iliyokauka inaonyesha kwamba mgeni alitarajiwa jana. Jua likiipiga, harufu yake na ya thina ya kuizimulia ikapanda puani, sote tukajua Mheshimiwa yu njiani. Watoto wa shule waliopangwa pembeni walilewa kidogo, wakashangilia vizuri zaidi.

La pili ni ngurumo. Msafara ukipita, magari mengine yote husimamishwa kando tangu mapema. Sasa dereva atapigaje makofi, na mikono iko kwenye usukani? Alipiga kwa mguu. Alikanyaga mafuta, gari limesimama palepale, injini inaunguruma mpaka masikio yanaziba. Malori, mabasi, pikipiki, hata gari la kunyonya vyoo, vyote vilishangilia. Kuzima injini ilikuwa sawa na kumpa Mlezi kisogo, na faini yake ilikuwa gari lenyewe. Mwenye kusimamia yote haya alikuwa Waziri wa Mapokezi, Bwana Gervasi Tumbitu, mtu mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kufuata. Alipenda kusema kwamba letu ndilo taifa pekee linaloweza kushangilia likiwa limeketi.

Basi, kiangazi kimoja upepo ulitusahau, na ndipo tukaanza kuona kitu angani. Alfajiri hakikuwepo. Saa nne asubuhi kilianza kujitokeza, chembamba, rangi ya chai ya maziwa. Saa nane mchana kilikuwa kimeufunika mji mzima. Macho yaliwasha. Koo zilikwaruza. Mchicha bustanini ulipata mabaka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Mlima mkubwa ulio nyuma ya mji ulipotea, na wala hakuna aliyeulizia. Jua likishuka kile kitu kilififia, na kesho yake saa nne kilifika kazini kama kawaida.

Waziri Tumbitu alikuja redioni, nami nikamshikia maikrofoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nasikia manung'uniko. Nasikia moshi, moshi! Moshi uko wapi? Mji wetu ni bibi harusi! Bibi harusi asipojitanda mtasemaje? Mtasema hana wenyewe! Hilo mnaloliona ni shela la taifa. Anayeona moshi, basi ni macho yake ndiyo yanayofuka."

Tangu siku hiyo likaitwa Shela. Ukikohoa mbele ya askari ulitakiwa useme "hongera" papo hapo, ili isidhaniwe kwamba unalalamika.

Mlezi mwenyewe hakuwa na habari. Gari lake halikufunguliwa vioo, na vioo vyenyewe vilikuwa vya samawati, ili popote aendako anga iwe nzuri. Ikulu ilizibwa kila upenyo, na hewa yake ililetwa kwa mitungi kutoka kule mlimani. Hata akihutubia, alihutubia kutoka ndani ya kibanda cha kioo chenye mtungi wake chini ya kiti. Alikuwa na mapafu mazuri kuliko raia yeyote, na alijisifia jambo hilo waziwazi. Alidhani ni ya kuzaliwa nayo.

*

Wiki chache kabla ya Siku ya Taifa, beni ilikwenda uwanjani kufanya mazoezi. Ilikuwa saa nane mchana, saa ya Mlezi kuwasili kwenye shughuli zake. Wimbo ukapigwa, vyombo vikanyamaza, Sajini Mwanaidi akauchukua Mlio Mrefu. Akaupandisha vizuri. Akaushikilia. Halafu, hajafika hata nusu, tarumbeta ikatoa sauti ya bata aliyekanyagwa, na Sajini akainama akikohoa huku machozi yanamtoka.

Mpiga ngoma mmoja, kwa woga, alisema "hongera" mara nyingi mfululizo.

Waziri Tumbitu aliletewa habari akiwa mezani, akaacha kula, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alimwita Sajini ofisini.

"Mama," alisema, "unajua umefanya nini?"

"Nimekohoa, Mheshimiwa."

"Umekohoa! Ungekuwa umekohoa siku yenyewe, saa hizi tungekuwa tunatafuta mizinga ya nyuki! Sikiliza. Mlio ukikatika Siku ya Taifa, utashtakiwa kwa kupindua serikali kwa kutumia mapafu. Adhabu yake hata sijaitunga, lakini nitaitunga, na mimi nikikasirika ni mbunifu sana."

"Kifua kinabana, Mheshimiwa. Asubuhi ni mzima. Mchana naona kama nimefungwa kanga mbichi hapa," akasema, akijishika kifuani.

Waziri alitoka jasho. Aliagiza atafutwe Dokta Anselmi Kipute, Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupima kama soda za Ikulu zina mapovu ya kutosha.

*

Dokta Kipute alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyefurahi mno kuulizwa jambo la kitaaluma hata akasahau kuogopa.

"Mheshimiwa Waziri, hii ni kama mapishi," alianza. "Mji wetu ndio sufuria. Injini zikiunguruma zinatoa gesi, naitrojeni iliyoungana na oksijeni, ya rangi ya kahawia. Jua likiichoma, linaimegua kipande cha oksijeni. Kipande hicho hakipendi upweke. Kinaidandia oksijeni ya kawaida, na hapo inazaliwa ozoni. Hiyo ozoni ndiyo inayomkwaruza Sajini."

"Basi ikamatwe."

"Subiri, Mheshimiwa, utamu uko mbele. Kwa kawaida ile gesi iliyomeguliwa ingeirukia ozoni na kuimaliza, mambo yakaishia hapo. Lakini kuna mvuke wa rangi mbichi, na wa thina, na wa petroli. Huo ukishachochewa na jua unaingilia kati. Unaijaza ile gesi iliyomeguliwa, inarudi kama ilivyokuwa, tayari kumeguliwa tena. Kwa hiyo ozoni haipati wa kuimaliza. Inarundikana tu, na pamoja nayo taka nyingine za kuwasha macho. Na siku zisizo na upepo, hewa ya moto inakaa juu ya mji kama kifuniko. Hakitoki kitu!" Dokta alipiga makofi kwa furaha. "Ni kazi safi sana, Mheshimiwa. Maabara ya kimataifa isingeweza kupanga vizuri zaidi."

Waziri akauliza kama hiyo ozoni ina faida yoyote.

"Ipo ya juu kabisa angani," akasema Dokta, "hiyo inatukinga na miale mikali."

"Ahaa!" Waziri aligonga meza. "Kumbe hii ya chini imetoroka kituo chake cha kazi! Irudi juu haraka. Haya, viungo ni vipi, taja tena."

"Injini, Mheshimiwa."

"Hizo ni makofi. Huwezi kumwondolea mtu makofi."

"Rangi."

"Hiyo ni heshima. Kingine?"

"Jua."

Waziri alishusha pumzi, uso ukamng'aa. "Hilo jua lina nani serikalini?"

"Halina mtu, Mheshimiwa."

"Basi tumempata."

Jua likapewa onyo la mwisho, likabandikwa juu ya mnara wa simu, mahali ambapo jua lingeweza kulisoma bila shida. Halikujirekebisha.

*

Hapo ndipo Bwana Tumbitu akapata wazo lililomfanya apewe nishani. Jambo lolote katika nchi yetu hushindwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba halijazinduliwa. Akatangaza Kampeni Kabambe ya Hewa Safi, na kumwambia Mlezi kwamba wananchi wamemwomba aizindue. Mlezi hakuuliza hewa imekuwaje. Alisema anaipenda hewa tangu utotoni.

Kampeni ilizinduliwa kata kwa kata. Kila kata ilipaka rangi. Kila kata ilipanga magari yake barabarani tangu asubuhi yakingoja kuunguruma, na yakaunguruma. Kata ya kwanza Shela liliongezeka kidogo. Waziri akasema hiyo ni dalili kwamba adui anajihami, tuzidishe mashambulizi. Kata ya pili ikaleta malori ya kukodi ili makofi yasikike zaidi. Kata ya tatu ilipaka rangi barabara yenyewe, na magari matatu yalinata pale na yako mpaka leo. Kila Shela lilivyozidi uzito, ndivyo uzinduzi ulivyozidi ukubwa, na kila uzinduzi ulivyozidi ukubwa, mimi huku studio nilizidi kutangaza ushindi. Ilifika mahali taa za barabarani zinawashwa saa nane mchana. Mabango ya HEWA SAFI NI HAKI YAKO hayakusomeka mpaka uende ukayaguse.

Sajini Mwanaidi, kwa upande wake, alikwenda kumtafuta Dokta Kipute. Mimi nilikuwepo, maana nilikwenda kumhoji Dokta juu ya mafanikio. Sajini alikaa kwenye kiti cha maabara, tarumbeta magotini, akaanza kulia waziwazi, mtu mzima na sare yake.

"Dokta, mimi si mwanasiasa," alisema. "Sijawahi kumkataa mtu wala kumpenda. Mimi nataka kumaliza mlio wangu, basi. Sare hii ni ya serikali. Viatu, vya serikali. Tarumbeta hii wakiitaka kesho nawapa. Kilicho changu ni pumzi tu. Sasa nayo naiona inakwenda, Dokta. Juzi nimepanda ngazi za nyumbani nikakaa katikati kama bibi kizee."

Nilimwonea huruma nikasahau maswali yangu. Dokta alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Dada yangu," alisema mwishowe, "siwezi kuzuia magari, na rangi siwezi kuizuia. Lakini mapishi haya yanahitaji muda. Jua likichomoza, ndiyo kwanza linawasha jiko. Saa moja asubuhi sufuria bado baridi. Piga saa moja asubuhi. Utapumua kama mtu wa mlimani."

Walikwenda wote wawili kwa Waziri, nami nikawafuata. Ajabu ni kwamba Bwana Tumbitu alikubali bila ubishi. Alikuwa amekwisha kuogopa kiasi kwamba angekubali hata ukweli. Aliamuru sherehe ianze saa moja kamili asubuhi, na Sajini akamshika mikono kwa shukrani mpaka Waziri akaona haya.

*

Siku ya Taifa ikafika. Saa kumi na mbili uwanja ulikwisha kupakwa rangi, hadi nyasi, zilizopakwa kijani. Kulikuwa kweupe, na hewa ilikuwa ya kuvutika. Sajini Mwanaidi alisimama mahali pake, akavuta pumzi moja ya majaribio, akatabasamu. Nilikuwa karibu naye na maikrofoni yangu, nikatabasamu pia.

Saa moja ikafika, hakuna mgeni hata mmoja.

Nalaumu malezi yetu mema. Kwetu mdogo hutangulia na mkubwa hufika mwisho, na hakuna mkubwa anayekubali kuonekana amefika kabla ya mdogo wake. Madiwani walikuja hadi kona ya uwanja, wakachungulia, wakaona watendaji wa mitaa hawajafika, wakageuza magari wakazunguka. Watendaji walikuwa wakizunguka upande wa pili wakiwangoja mabalozi wa nyumba kumi. Wakuu wa wilaya waliwangoja madiwani, mawaziri wakawangoja wakuu wa wilaya, na wote walizunguka uwanja, gari nyuma ya gari, kila mmoja akituma mtu achungulie. Wananchi waliosimamishwa kando ya barabara, wakiona magari ya wakubwa yanapita, walikanyaga mafuta kwa heshima. Wakubwa wakapita tena, wakakanyaga tena. Uwanja ukawa katikati ya gurudumu la ngurumo, rangi mbichi ikichemka juani.

Mlezi mwenyewe alikuwa tayari tangu alfajiri. Alikaa ndani ya gari lake getini Ikulu, injini inaunguruma, akingoja aambiwe kwamba wote wamefika.

Saa nne chai ya maziwa ikaanza kuonekana angani. Sajini aliacha kutabasamu. Saa sita alifunga macho. Dokta Kipute, aliyekuwa amekaa nyuma ya beni, alinyanyuka mara mbili akaketi mara mbili. Hatimaye balozi mmoja wa nyumba kumi, mzee wa watu, aliishiwa mafuta mbele ya lango, akalazimika kuingia. Baada yake waliingia wote kwa mpangilio mzuri wa kuvutia, na Mlezi akawasili nyuma yao. Ilikuwa saa nane kamili mchana.

Gari likasogezwa mlango kwa mlango na kibanda chake cha kioo, akahamia humo bila kugusa nje, akaketi, akapunga mkono upande ambao hapakuwa na watu, maana hakuona vizuri.

*

Beni ikapiga wimbo. Vyombo vikanyamaza. Mlezi akainua fimbo, Katibu Mkuu akamshika kiwiko, na Sajini Mwanaidi akauchukua Mlio Mrefu.

Niseme kweli, sijawahi kusikia mlio kama ule. Ulipanda umenyooka, ukatulia. Nikaona shingo yake imekakamaa na jasho linashuka kwenye kola. Nilijikuta nami nimeziba pumzi, na jirani yangu vilevile, na uwanja mzima. Ukafika mahali ulipoishia mwaka uliopita. Fimbo haikushuka. Mlezi alikuwa anatabasamu ndani ya kioo, akifurahia upendo wa wananchi. Ukapita hapo, ukaenda mbele, macho ya Sajini yakajaa machozi, Waziri Tumbitu akawa anaomba Mungu kwa sauti. Fimbo haikushuka.

Ndipo Sajini akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha heshima, ameweka kiganja mdomoni.

Mlio ukakatika.

"Haujakatika!" Waziri alipiga kelele, akinipokonya maikrofoni. "Ni pumziko! Ni pumziko la kisanaa! Beni, endeleeni!" Lakini beni nzima ilikuwa inakohoa, na aliyekuwa na zumari aliishika kama fimbo ya kutembelea.

Mlango wa kibanda cha kioo ukafunguliwa. Mlezi alishuka ngazi, amevimba kwa hasira.

"Nchi nzima inashindwa na mlio mmoja!" alisema. "Lete hiyo hapa. Nitajichagua mwenyewe. Niangalieni, hiki ndicho kifua!"

Akaichukua tarumbeta mikononi mwa Sajini. Akapanua miguu. Akavuta pumzi, na ilikuwa pumzi yake ya kwanza ya hewa yetu tangu ashike madaraka, na aliivuta yote kwa mkupuo.

Uso wake ulipita rangi kadhaa, nyingine sijaziona tena. Kofia ilianguka. Alikohoa akashika nguzo, akakohoa akamshika Katibu Mkuu, akakohoa akakaa chini kwenye nyasi za rangi, zikamchafua suti kijani.

"Hii," alisema alipoweza, "hii ni nini?"

Sajini Mwanaidi alipiga saluti, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

"Ni hewa, Mheshimiwa."

"Hewa ya nani?"

"Ya kwako, Mheshimiwa. Ni makofi yako na rangi yako. Jua limepika tu."

Maikrofoni ilikuwa wazi mkononi mwa Waziri, na matangazo yalikuwa yanakwenda moja kwa moja nchi nzima. Huko nje madereva walikuwa wamefungulia redio. Kwanza dereva mmoja wa lori, sijui ni nani, alizima injini. Aliyekuwa nyuma yake akazima. Ikafuata basi, zikafuata pikipiki, na lile gari la vyoo, ukimya ukiuzunguka uwanja polepole mpaka ukakutana na mwanzo wake. Nilikuwa sijawahi kuusikia mji wangu. Mahali fulani mtoto alikuwa anaita mbuzi.

Mlezi aliinua kichwa. "Mbona wameacha kupiga makofi?" aliuliza. Akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwa Dokta Kipute akauliza kwa sauti ndogo iwapo nyuki wanauma sana.

*

Jioni ile, kwa bahati, upepo ulitukumbuka. Kesho yake kulipopambazuka watu walitoka nje wakaona mlima. Umesimama palepale nyuma ya mji, na theluji yake kileleni. Wengine walipiga simu polisi.

Katiba haikusema nani anafuata baada ya nyuki, lakini Waziri Tumbitu ni mtu wa utii, na utii hauwezi kukaa bila mtu. Asubuhi hiyohiyo alifika nyumbani kwa Sajini Mwanaidi na msafara mzima, ving'ora juu. Sajini alitoka na kanga akakuta kizingiti chake kimepakwa nyeupe na nyeusi, na kuku wake pia. Magari yamejipanga hadi barabara kuu, kila dereva amekanyaga mafuta.

"Mheshimiwa Mlezi!" Waziri aliinama hadi tumbo likagusa magoti. "Taifa linakungoja! Tuanze kuzindua nini?"

Sajini alijaribu kujibu, akakohoa. Alimtazama Waziri, akatazama bomba za magari, akarudi ndani, akatoka na tarumbeta.

"Zima," alisema.

"Mheshimiwa amesema zima!" Waziri aliwageukia watu wake, uso unang'aa. "Andaeni sherehe kubwa ya kuzindua Kuzima! Msafara uondoke saa sita, rangi iongezwe..."

Sajini alimpita. Alikwenda kwenye gari la kwanza, la Waziri mwenyewe, akaingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo, akautumbukiza ndani ya mdomo wa tarumbeta. Akaenda la pili. Akaenda la tatu, na madereva wakaanza kumpa wenyewe kabla hajafika. Alipomaliza mtaa, tarumbeta ilikuwa imejaa na inalia kama njuga kila anapopiga hatua. Alikaa kwenye ngazi zake, akaiweka pembeni, akaanza kupumua, na majirani wakakaa kumtazama kama watu waliolipa kiingilio.

Jioni ile, kabla ya kusoma taarifa, nilimwomba fundi atoboe dirisha studioni.

Bwana Tumbitu alirudi nyumbani kwa miguu, ndoo ya rangi mkononi. Njia nzima, wanasema, alikuwa akisimamisha watu na kuwauliza ule mlima umejengwa lini, na kwa nini hakualikwa kwenye uzinduzi.